Kuvumwani inayoviringika na upepo: je, ipo Kapiti, na inaweza kuua mbuzi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa shule ya upili, mkazi wa Embakasi, Nairobi. Nalifupisha hapa:

"Ndugu yangu anafanya kazi kwenye ranchi huko Wyoming, Marekani. Amenitumia picha ya kitu cha kijani-manjano kilichojikunja, kimelala juu ya udongo bila mzizi, akasema hicho kiliwahi kuua mamia ya wanyamapori kule. Sisi tuna mbuzi upande wa Kapiti, kwenye nyanda za kusini-mashariki mwa Nairobi, na pale naona vitu vinavyofanana nacho sana: vingi vimeshika mawe meusi, vipande vingine vimelala chini. Je, ni kitu kimoja? Mbuzi wako salama? Mama mkwe naye anasema ukikichemsha ni dawa ya kifua. Nyumbani niseme nini, na wanafunzi niwafundishe nini?"

Mwalimu, nianze na mbuzi, maana ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa upande huu wako salama. Kwa maelezo yako na mahali alipo nduguyo, kilichomo kwenye picha ni kuvumwani, yaani kiumbe cha kuvu na mwani kwa pamoja, iitwayo Xanthoparmelia chlorochroa, na makao yake ni Amerika Kaskazini: Wyoming, Montana, Dakota zote mbili, Colorado, Utah na majimbo ya jirani, kisha kuvuka mpaka hadi Alberta na Saskatchewan kule Kanada. Hizo za kwenye mawe yako ni binamu zake. Jenasi ya Xanthoparmelia ina spishi mamia kadhaa duniani, na Afrika ni mojawapo ya sehemu zilizojaliwa nazo. Huku kwetu hupenda mawe, na yale mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa uwanda wa Athi na Kapiti ni makao yao mazuri kabisa. Vipande ulivyoviona chini, kwa dalili zote, vimebanduka kutoka mawe hayo kwa kwato, kwa mvua ya mawe au kwa kuchakurwa na ndege.

Swali lililo nyuma ya swali lako ndilo linalonivutia zaidi. Kama binamu hao wanafanana hivi, kwa nini mmoja kule Marekani ameacha jiwe akaamua kuishi juu ya udongo, akisukumwa na upepo, na sisi hapa hatuna uwanda uliojaa kuvumwani za namna hiyo? Kapiti si pana? Haina upepo? Haina ukame? Ukilijibu hilo vizuri darasani, mwanafunzi atakuwa ameelewa fiziolojia ya kuvumwani kuliko kwa kukariri fasili.

Tupitie misingi haraka. Kuvumwani, au laikeni, ni kuvu na mwani katika mwili mmoja. Kuvu ndiye mjenzi: nyuzi zake hufumana zikawa ngozi ya juu, ngozi ya chini, na katikati tabaka jeupe lililolegea. Mwani, ambaye katika jenasi hii ni wa kijani na huitwa Trebouxia, hukaa chini kidogo ya ngozi ya juu ambako mwanga unamfikia, akatengeneza sukari inayowalisha wote wawili. Hakuna mzizi. Hakuna mishipa ya kupitisha maji, hakuna nta juu ya ngozi ya kuyazuia yasipotee. Maji huingia kwa mwili mzima na kutoka kwa mwili mzima.

Kuvumwani nyingi hujishikiza mahali zikabaki hapo maisha yote. Hii ya Wyoming bado ina vijinyuzi upande wake wa chini, urithi wa wazee wake walioshika mawe, lakini havishiki chochote. Ikikauka, ndimi zake, zile sehemu bapa za mwili wake, hujikunja kwa ndani, upande wa kijani-manjano ukafichika na ule wa chini, wa kahawia hadi mweusi, ukabaki nje. Hapo huwa kidonge kikavu chepesi. Upepo unakisukuma, kinakwama kwenye kibonde au nyuma ya kichaka, na baada ya miaka utakuta kibonde kizima kimejaa. Ikipata unyevu, ndimi zinafunguka na rangi inarudi ukiitazama. Uzazi wake nao ni wa ajabu. Vikombe vya spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, ni nadra sana kwake. Huongezeka kwa kuvunjika. Mnyama akikanyaga kidonge kikapasuka vipande vinne, basi zimepatikana kuvumwani nne, kila moja ikiwa na kuvu wake na mwani wake tayari.

Sasa tufike penye kiini. Watu wengi wakisikia kuvumwani inaishi nyika kavu, hudhani kazi yake kubwa ni kuvumilia kiu. Sivyo. Kukauka hakuiumizi. Maji yake yanaweza kupungua hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake mkavu, ikazimika kabisa bila kupumua wala kula, na ikingoja hivyo haipotezi chochote. Mwaka 2005 Shirika la Anga la Ulaya lilipeleka kuvumwani za aina nyingine, za mawe, nje kabisa kwenye ombwe la anga kwa muda wa wiki mbili hivi, zikarudi duniani zikaendelea na maisha. Hatari kwa kuvumwani inaanza pale inapolowa.

Ikilowa, mwili wote unaamka. Kuvu anapumua, mwani anapumua, na kupumua huko kunateketeza sukari iliyowekwa akiba. Kama kuna mwanga, mwani anatengeneza sukari mpya. Kama ni usiku, hatengenezi. Joto nalo linaingilia: kadiri joto linavyopanda ndivyo kupumua kunavyokwenda mbio, wakati utengenezaji wa sukari hauongezeki kwa kasi hiyo. Wafundishe wanafunzi wako hivi: kuvumwani ni kibarua anayelipwa kwa saa za mchana tu, lakini kodi ya nyumba anadaiwa kila saa aliyo macho, mchana na usiku, na kodi hiyo hupanda kila hewa inapopata joto. Kibarua huyo hapati hasara akilala. Anapata hasara akiamshwa saa mbaya.

Ndiyo maana kiasi cha mvua kwa mwaka hakituambii mengi. Tunachotaka kujua ni maji yanaikuta saa ngapi, na hewa ikiwa na joto gani. Otto Lange, mwanabotania wa Ujerumani, alilionyesha hili kwa ustadi mkubwa katika jangwa la Negevu, Israeli. Kule umande huanguka usiku, kuvumwani ikanyonya, na alfajiri jua linapochomoza ikiwa bado baridi na bado na unyevu, inafanya kazi kwa saa chache tu. Kisha jua linaikausha, inalala hadi kesho. Saa hizo chache za asubuhi zinatosha kuiweka hai jangwani. Yeye na wenzake walionyesha pia kwamba kuvumwani zenye mwani wa kijani zinaweza kuamka kwa unyevu wa hewa peke yake, bila hata tone la maji, ilhali zile zenye saianobakteria (bakteria wanaotengeneza sukari kwa mwanga kama mwani) hudai maji ya kumiminika. Mwalimu, hilo la pili ni hoja kubwa. Nitalirudia tukifika kwenye udongo wako.

Rudi Wyoming na jicho hilo. Eneo la Rawlins, kusini mwa jimbo hilo, liko juu ya mita 2,000 na hupata chini ya milimita 300 za mvua na theluji kwa mwaka. Majira ya baridi ni makali. Theluji nyembamba inayeyuka polepole mchana, jua likiwepo na hewa ikiwa karibu na sifuri, na kidonge kilicho pembeni ya theluji hiyo kinapata maji, mwanga na ubaridi kwa wakati mmoja. Kwa kuvumwani hizo ni saa za neema. Kiangazi kinapofika na joto lake, udongo umekauka, nayo imelala. Mimea ya pale ni nyasi fupi na vichaka vya Artemisia vilivyoachana, kwa hiyo kuna udongo mtupu wa kuviringikia na hakuna kivuli kizito.

Kwetu, tazama kinachotokea. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi na hupata mvua ya kama milimita 900 kwa mwaka. Kapiti ni pakavu zaidi lakini bado hupita Rawlins mbali. Mvua zetu nyingi hunyesha jioni na usiku. Kuvumwani iliyolala chini inaloweshwa saa mbili usiku, inabaki macho hadi alfajiri ikiteketeza akiba yake gizani, na usiku wa Machi au Aprili si wa baridi hivyo. Tena mvua ndefu inailowesha kupita kiasi: maji yakijaa katika ile nafasi ya tabaka jeupe, hewa ya kaboni haipenyi kumfikia mwani, na hata mchana ukifika sukari haitengenezwi ipasavyo. Iliyoko juu ya jiwe ina nafuu. Maji yanateleza, jiwe linapata jua mapema, inakauka upesi. Iliyoko kwenye udongo chini ya nyasi inabaki na ubichi siku nzima.

Kisha kuna udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya nyanda za kusini na mashariki mwa Nairobi ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao sote tunaujua kwa kunata kwenye viatu. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Udongo unaojigeuza hivyo kila mwaka unameza kila kitu kidogo kilicho juu yake. Mchwa nao wanapandisha udongo mpya kutoka chini usiku na mchana. Ongeza nyasi ndefu za msimu wa mvua, kama ile nyasi nyekundu ya Themeda, ambayo ikinawiri hakuna mwanga unaofika chini. Na ikikauka, moto. Kuvumwani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Haina mbio za kushindana na nyasi, wala haina mzizi chini ya ardhi wa kuchipuka upya baada ya moto.

Kwa hiyo nikitaka kutafuta Kenya mahali penye masharti ya Wyoming, sitatafuta Kapiti. Nitapanda. Mlima Kenya, juu ya msitu na juu ya vichaka, kwenye mita 4,000 hivi kama Bonde la Teleki, usiku huganda karibu kila siku ya mwaka na mchana jua linawaka. Sindano za barafu zinachomoza kutoka kwenye udongo usiku na kuinua kila kilicho juu yake, kisha zinayeyuka asubuhi. Na kule juu, kweli, kuna kinachoviringika: ni kuvumanyoya (moss kwa Kiingereza, mimea midogo laini) wa jenasi ya Grimmia, wanaoinuliwa na kugeuzwa na barafu hiyo mpaka wanakuwa mipira midogo ya kijani isiyoshika popote. Si kuvumwani, lakini maisha ni yaleyale, na yameletwa na hali zilezile: ubaridi, udongo mtupu, mwanga mwingi, na kitu cha kukusukuma.

Ndani ya Afrika kuna hata jamaa wa karibu zaidi. Katika jangwa la Namib, pwani ya Namibia, kuna Xanthoparmelia convoluta, nayo hulala juu ya changarawe bila kushika, ikijikunja na kujikunjua kama ile ya Wyoming. Mvua ya pale ni karibu na hakuna, lakini mkondo baridi wa Benguela unaleta ukungu wa bahari, na ukungu huo unaikuta asubuhi kukiwa na ubaridi na mwanga. Mwanafunzi anayeelewa hesabu ya mapato na kodi atakuambia mwenyewe kwa nini Namib ya joto na Wyoming ya theluji zina kuvumwani za tabia moja, na Kapiti iliyo katikati haina.

Niseme pia kwamba jina X. chlorochroa halijatulia kama linavyoonekana kwenye karatasi. Aliyeipa jina la spishi ni Edward Tuckerman, Mmarekani wa karne ya 19. Mason Hale, mtaalamu wa kuvumwani, ndiye aliyeihamishia kwenye jenasi ya Xanthoparmelia mwaka 1974. Mwaka 2011 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, walisoma DNA ya kundi hili na kukuta kwamba zinazoviringika na zinazoshika mawe zimechanganyikana kwenye ukoo, hazigawanyiki vizuri kwa tabia hiyo. Yaani kuacha jiwe kumetokea zaidi ya mara moja. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu lina maana kwamba binamu walioko kwenye mawe yako hawako mbali sana na uamuzi huo. Wamekosa tu mahali pa kuuwezesha.

Sasa wanyama waliokufa. Nduguyo hakukudanganya. Majira ya baridi ya 2004, katika eneo la hifadhi liitwalo Red Rim karibu na Rawlins, elki zaidi ya 300 walilala chini wakashindwa kusimama. Elki ni mnyama mkubwa wa kule, kimo chake si mbali na cha pofu, na dume ana pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Hawa walikuwa na akili timamu, wakiinua vichwa na kutazama, lakini miguu haikuwa na nguvu. Misuli yao ilikuwa inaharibika. Wengine walikufa wenyewe, wengine ikabidi wapunguziwe mateso. Matumboni mwao ilikutwa kuvumwani hii, na elki waliofungiwa na kulishwa kwa majaribio walipata dalili zilezile.

Anayeshukiwa zaidi ni asidi ya usniki, kemikali inayoipa kuvumwani ile rangi ya kijani-manjano. Kazi yake kwa kuvumwani ni kinga, dhidi ya mwanga mkali na dhidi ya walaji. Lakini hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu unapowasimulia wanafunzi, maana wengi huishia na somo kwamba "kuvumwani ni sumu". Kwenye nyanda hizohizo, swala wa Amerika, yule mwenye pembe zenye uma, hula kuvumwani hii kila majira ya baridi na hafi. Wanyama wa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, waitwao reindia, hupitisha baridi nzima wakichimba theluji kutafuta kuvumwani, nyingine zikiwa na asidi hiyohiyo. Watafiti wa Norwe walikuta kwamba bakteria wa tumbo la reindia wanaivunja asidi ya usniki, haitokei hata kwenye kinyesi. Mnyama aliyeizoea ana wasaidizi tumboni. Mwenye njaa anayeila kwa ghafla na kwa wingi hana, na majira ya baridi chakula kingine kikifunikwa, ndivyo inavyokuwa.

Kwa mbuzi wa Kapiti hali hiyo haitokei. Kuvumwani za huko ziko nyembamba juu ya mawe, zimeng'ang'ania; mbuzi atakwaruza kidogo tu, hata kiangazi kikizidi, na kabla ya hapo atakuwa amemaliza kila kichaka. Ukiona mbuzi amelala hawezi kusimama, usitafute jibu kwenye mawe. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu magonjwa yenye dalili hiyo ni mengi na mengine hayangoji.

Kwa mama mkwe nina neno la heshima lakini la wazi. Ni kweli kwamba asidi ya usniki huzuia bakteria wa aina fulani, na kuvumwani zinazoning'inia kwenye miti ya milimani zimetumika kama dawa na watu wa nchi nyingi kwa muda mrefu. Simdharau anayesema hivyo. Ameipokea kwa waliomtangulia, na walikuwa na macho. Lakini asidi hiyohiyo ni hatari kwa ini. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya vidonge fulani vya kupunguza unene vilivyokuwa na kemikali hii, baada ya waliovitumia kuharibika ini. Aliye na kifua aende zahanati. Kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe kifua kikuu, kipimo hicho katika vituo vya serikali ni bure. Na asichemshe kuvumwani ya jiwe, hasa asimpe mtoto.

Kama anapenda matumizi ya kuvumwani yasiyo na madhara, mwelekeze kwenye rangi. Wafumaji Wanavajo wa Arizona na New Mexico huichemsha X. chlorochroa kupata kahawia yenye wekundu ya kutia sufu. Na pwani yetu haikuwa nyuma: marere, kuvumwani ya kijivu inayoota kwenye miti na miamba ya ufukweni, ilikuwa bidhaa ya biashara Zanzibar na pwani ya Benadir, Somalia, katika karne ya 19, ikipakiwa kwenye meli kwenda Ulaya kutengenezwa rangi ya zambarau. Mwanafunzi wa Embakasi anayedhani kuvumwani ni mambo ya Wazungu na theluji anafaa kulijua hilo.

Nilisema nitarudi kwenye udongo. Usidhani udongo wa Kapiti hauna kuvumwani kabisa. Tafuta mahali ambapo udongo mweusi unapungua na kokoto nyekundu au changarawe zinatokeza, kando ya njia za mifugo zisizokanyagwa tena, au kwenye ukingo wa mwamba. Utaona gamba jembamba jeusi, kavu, linalokatika ukilibonyeza. Humo mna saianobakteria, na mara nyingi kuvumwani ndogo sana zenye saianobakteria ndani yake badala ya mwani wa kijani. Hizi ndizo zinazodai maji ya kumiminika, na huku kwetu yapo, kwa hiyo hesabu yao inaingia. Wengi wao wanaweza kuchukua naitrojeni ya hewa na kuiingiza kwenye udongo. Gamba hilo linashika chembe za udongo zisipeperuke wala kusombwa na mvua ya kwanza. Kwato na magurudumu hulivunja kwa dakika. Kurudi kwake ni miaka, na sehemu kavu zaidi ni miongo. Ninaona uchungu kila ninapoona eneo zuri la mawe na gamba hili limechimbwa kokoto, au limefunikwa na vumbi la viwanda upande wa Athi River, kabla hata ya mtu kuandika ni spishi gani zilikuwepo. Mbuzi wako wakipewa njia moja ya kwenda majini badala ya kutawanyika, sehemu nyingine zinapona.

Darasani fanya hivi. Chukua kipande kilichobanduka chenyewe, usibandue cha jiweni. Kiache kikauke siku mbili ndani ya karatasi. Kisha mwanafunzi adondoshe tone moja la maji juu yake huku wenzake wakitazama kwa lenzi ya mkono: kijivu-manjano kitageuka kijani mbele ya macho yao, kwa sababu ngozi ya juu ikilowa inapitisha mwanga na mwani aliye chini anaonekana. Kingine kikiwekwa kikavu ndani ya chupa iliyofungwa pamoja na pamba iliyoloweshwa, bila kugusana, baada ya saa kadhaa kitakuwa kimelainika kwa unyevu wa hewa peke yake. Hilo ndilo jaribio la Lange katika umbo lake rahisi kabisa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, na maabara yako ina potasiamu haidroksaidi, kwaruza ngozi ya juu kwa wembe mpaka tabaka jeupe lionekane, kisha wewe mwenyewe, si wanafunzi, weka tone dogo hapo. Vaa glovu na miwani, dawa hiyo inaunguza. X. chlorochroa hugeuka manjano kisha nyekundu iliyoiva, kwa sababu ina asidi ya salazini. Binamu wengine wa hapa watafanya vivyo hivyo, wengine hawatabadilika kabisa, na tofauti hiyo ni sehemu ya njia tunayotumia kuwatenganisha. Macho pekee hayatoshi, wala picha ya simu haitoshi; ndiyo maana sikuthubutu kukupa jina la spishi ya mawe yako.

Kazi ya kutambua kuvumwani za ukanda huu ilipata msingi mzuri kwa kitabu kilichochapwa London mwaka 1988, kazi ya Douglas Swinscow wa Uingereza na Hildur Krog wa Norwe waliozizungukia nchi zetu wakikusanya. Tangu hapo kuna mengi ya kuongeza, na vijana wa Kenya wanayafanya. Ukipata kipande ambacho kimelala kwenye udongo, kimejikunja, na ukikitazama kwa lenzi huoni kovu lolote la mahali kilipobanduka jiweni, hicho nakihitaji. Kikaushe hewani, usikitie kwenye mfuko wa plastiki maana kitaota ukungu. Kitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike kwa penseli tarehe, mahali, aina ya udongo, na kama kulikuwa na mwamba karibu na umbali wake. Usichukue chochote ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi; pale huhitaji zaidi ya kutazama. Bahasha ipeleke Herbaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, kwenye Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, useme ni kuvumwani ya udongo kutoka Kapiti.